Satelaiti Haijui Gari Lako Liko Wapi

Juzi saa tano usiku kanipigia bosi mmoja mwenye malori, kafura: "Fundi, satelaiti yako imelala! Lori liko Mikumi tangu saa moja." Lori lilikuwa Iringa, dereva anakula ugali. Laini ya simu iliyomo kwenye kifaa nilichomfungia cha kufuatilia lori ilikuwa imeishiwa bando. Nilipoiongezea salio, pointi zikamiminika kwenye ramani: Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Ilula, kila kona na saa yake.

Nimechoka kueleza, lakini haya. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu na hazimwoni mtu. Ni kama muadhini: anapaza sauti, hajui nani kasikia. Kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, basi. Kifaa chako ndicho kinachosikiliza na kupiga hesabu. Kwa hesabu tupu satelaiti tatu zingetosha, ila saa ya kifaa ni ya bei poa na haiaminiki, ndiyo maana inatakiwa ya nne ya kuisahihisha. Jibu likishapatikana, kulifikisha kwenye simu yako ni kazi ya laini na mnara wa simu. Mnara ukikosekana, au bando likikata, kifaa kinahifadhi na kutuma baadaye. Satelaiti haina habari yoyote na ugomvi wenu.

Na wewe uliyeagiza gari Japani unayetaka "nibadilishie lugha tu ya ramani": iliyomo kwenye redio ya gari hilo ni ramani ya Japani. Ng'oa, weka redio ya Android, tusipotezeane muda.

Soko litakua? Litakua. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa VTS, mfumo wake wa kufuatilia magari, na Ulaya tangu Machi 31, 2018 kila modeli mpya ya gari dogo inatakiwa iweze kupiga 112, namba ya dharura ya huko, yenyewe ikipata ajali. Hata hiyo simu inapita kwenye minara. Februari 2022 kampuni ya simu AT&T ya Marekani ilipozima 3G, mtandao wake wa simu wa zamani, magari mengi yaliyoitegemea yakawa mabubu, satelaiti zikiwa palepale juu. Vifaa vingi nilivyofunga mimi vinatumia 2G, ya zamani zaidi. Siku ikizimwa hapa, sijui nitawaambia nini wateja.

Kingine ambacho vipeperushi vyetu havisemi ni mafuta. Boya la tangi, ambalo ndilo linalopima mafuta, linacheza. Nimeona dizeli "ikiibwa" lori likipanda mlima, kisha "ikirudishwa" kwenye tambarare. Kuna ripoti nimezituma ambazo mahakamani nisingezitetea, na nina wasiwasi kuna dereva alikatwa mshahara kwa ajili yake.

Bosi yule hakukubali kushindwa. Akaniuliza kama hakuna satelaiti isiyohitaji laini. Nikamwambia zipo, za mawasiliano, ila kifaa chake ni kingine na zina malipo yake ya kila mwezi. Nikamtajia bei.

Akanyamaza kidogo. "Fundi, bando la mwezi ni shilingi ngapi vile?"