Ncha Tatu Nyekundu Chini ya Majani Makavu

Siku ya kwanza ambayo ardhi hukubali kidole kizame hadi kwenye kifundo, siendi bustanini na jembe wala mkasi wa kupogolea. Hupiga magoti kando ya tuta na kuondoa matandazo kwa mikono, jani moja moja, kwa sababu kinachotafutwa pale chini huvunjika kwa kuguswa tu. Mwaka huu, baada ya baridi iliyougandisha udongo kwa wiki nyingi, nilikuta chini ya majani yaliyooza ncha tatu nyekundu za piyoni, ua la bustani za nchi za baridi, kila moja nene kama kidole changu cha mwisho, zimechongoka, zinang'aa kwa unyevu, na zimefumbatwa ndani ya magamba yake. Kazi hii ya bustani nimeifanya kwa miaka mingi, na bado moyo ulinienda mbio.

Wekundu ule huwatisha wanaoanza kulima maua, wakidhani mmea umeungua kwa jalidi, yaani baridi inayogandisha. La hasha. Ni rangi iitwayo anthosianini, nayo hufanya kazi ya kivuli: mwanga wa mwanzo wa majira ya kuchipua huwa mkali wakati hewa ingali baridi na usanisinuru ungali wa polepole, hivyo chipukizi changa hupokea mwanga mwingi kuliko kiasi linachoweza kukitumia, na rangi hiyo huzuia sehemu yake usiharibu seli. Joto likitengemaa, wekundu hufifia na ukijani hushika nafasi yake.

Jambo ninalopenda kulieleza zaidi ni kwamba chipukizi hilo halikuumbwa wiki hii, wala mwaka huu. Macho ya piyoni, yaani matumba ya chipukizi zijazo, hujengeka kwenye kitako cha mmea msimu uliotangulia, majani yakiwa bado yanalisha mizizi, kisha hukaa chini ya udongo yakingoja. Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo ndani ya tulipu, ua linaloota kutoka tunguu lililo kama kitunguu. Chukua tunguu moja zima katika majira ya kupukutika kwa majani, lipasue kwa wima kwa kisu kikali, nawe utaliona ua lenyewe limeketi katikati, dogo na lililopauka, petali zake zikiwa zimekwisha kupangwa kuzunguka sehemu za uzazi. Ua lipo, ila haliwezi kuinuka, kwani tulipu huhitaji takribani wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo bua lake lirefuke ipasavyo. Ukilinyima baridi hiyo, ua hudumaa katikati ya majani au halitokezi kabisa. Kwa hiyo baridi ile tuliyoinung'unikia usiku kucha ndiyo iliyokuwa ikimfungulia tulipu njia.

Mtofaa, yaani mti wa tufaha, nao una hesabu yake. Wakulima wa matunda huhesabu saa ambazo hewa hukaa kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi, na aina nyingi za mitofaa huhitaji saa 800 hadi 1,000 au zaidi kabla macho yake hayajawa tayari kuamka, ingawa zipo zinazotosheka na chini ya 400. Kabla ya hesabu kutimia, siku chache za joto katikati ya baridi haziwezi kuudanganya mti, maana kufuli limefungwa kutoka ndani. Hesabu ikishatimia, kinachobaki ni kungoja joto tu, na hapo ndipo hatari huanza, kwa kuwa joto la mapema linaweza kuyafungua matumba, kisha jalidi ya usiku mmoja ikaua maua yote.

Watu huniuliza mmea laini kama huo huponaje. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na barafu ikifanyika ndani ya seli, seli hiyo hufa. Mmea uliojizoeza baridi pole pole huyaacha maji yake yatoke yakagande katika nafasi zilizo baina ya seli, na ndani hubaki utomvu mzito wenye sukari nyingi, ambao hauko tayari kuganda. Theluji nayo husaidia, kwa kuwa imejaa hewa na huufunika udongo kama blanketi. Baridi kavu isiyo na theluji ndiyo ninayoiogopa.

Kwa sababu hiyo nawasihi wenye bustani wasiwe na haraka ya kung'oa. Mimi mwenyewe niliwahi kung'oa kichaka cha Hibiscus syriacus, aina ya haibiskasi, nikiamini kimekufa, kwa kuwa majirani zake wote walikuwa na majani na chenyewe kilisimama kama fimbo. Nilipovunja kitawi kimoja nikiwa nimekwisha kukitoa ardhini, ndani palikuwa na ukijani mbichi, na mizizi ilikuwa imeanza kutoa nyuzi nyeupe. Kumbe kichaka hicho huchelewa kuliko vichaka vingi. Huzuni ya siku ile ndiyo iliyonifundisha kukwangua kwanza: kwangua gome kwa ukucha, kipande kisichozidi punje ya mchele, na ukiona ukijani wenye unyevu, acha. Ukiona hudhurungi kavu, shuka chini zaidi na ukwangue tena, kwa maana waridi lililokauka juu mara nyingi huwa hai karibu na udongo. Ikiwa ni waridi lililobebeshwa, yaani lililounganishwa juu ya shina la waridi jingine, angalia kama chipukizi linatokea juu ya kiungo. Likitokea chini yake, hilo ni la shina mama lililo chini, wala si la waridi ulilolipanda.

Zile ncha tatu nilizirudishia nusu ya majani, nikachomeka kijiti kando yake ili mtu asizikanyage, kwa kuwa anga la jioni lilikuwa jeupe na lisilo na wingu, nalo ndilo anga la jalidi. Nilipofunua baada ya siku sita zilikuwa nne, na ile ya nne ilikuwa imebeba bonge dogo la udongo kichwani.