Mkao wa Mtoto Tumboni na Namna Unavyoathiri Kujifungua: Maswali na Majibu

Swali: Mtoto anatakiwa kukaa vipi uchungu unapoanza?

Jibu: Anatakiwa awe amelala wima, kichwa kikiwa chini, kidevu kimegusa kifua, na kisogo kimeelekea upande wa mbele wa tumbo la mama. Kidevu kina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto aliyeinamisha kichwa vizuri hupita kwa kipenyo cha takriban sentimita 9.5, ilhali aliyetanguliza paji la uso huleta kipenyo cha sentimita 13 au zaidi, na mkao huo usipobadilika, mtoto wa mimba iliyotimia hawezi kupita ukeni.

Swali: Mimba yangu ina miezi saba na kliniki wamesema mtoto ametanguliza matako. Nianze kutafuta fedha za upasuaji?

Jibu: Bado ni mapema. Katika wiki ya 28, takriban robo ya watoto huwa wamekaa hivyo, kwa kuwa bado wana nafasi ya kujigeuza ndani ya maji ya uzazi; mimba inapotimia, wanaobaki ni asilimia 3 au 4 tu. Kipimo cha kutegemewa ni cha kuanzia wiki ya 36, mkunga anapopapasa tumbo akitafuta kichwa, na pakiwa na shaka ultrasaundi huthibitisha. Kwa hiyo mama anayeacha kliniki mwezi wa nane kwa kuona hana tatizo lolote hukosa vipimo vyenye uzito zaidi kuhusu mkao. Mapacha, uvimbe katika mfuko wa uzazi, maji ya uzazi kuzidi au kupungua, na kondo la nyuma lililojishikiza chini vinaweza kumzuia mtoto asigeuke, lakini mara nyingi hakuna sababu inayoonekana, wala mama hajakosea chochote.

Swali: Kwani kutanguliza matako kuna hatari gani?

Jibu: Hatari kubwa iko kwenye kichwa, ambacho huja mwisho. Matako na miguu huweza kupita kabla mlango wa kizazi haujafunguka kiasi cha kupitisha kichwa, na wakati huo kitovu (kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma) huwa kimebanwa, hivyo muda wa kumtoa mtoto salama ni dakika chache. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 26 na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba upasuaji uliopangwa ulikuwa salama zaidi kwa mtoto katika kipindi cha kuzaliwa, na hospitali nyingi zikabadili utaratibu wao. Hata hivyo, baadhi ya watoto hao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, tofauti haikuonekana tena. Upasuaji nao huacha kovu linaloweza kuleta matatizo katika mimba zinazofuata, kwa hiyo pale penye mhudumu mzoefu, mtoto asiye mkubwa mno na chumba cha upasuaji kilicho karibu, kuzaa kwa njia ya kawaida bado kunaweza kujadiliwa. Kujifungulia nyumbani hakumo katika mjadala huo.

Swali: Bibi yangu anajua kukanda tumbo ili mtoto ageuke. Nimruhusu?

Jibu: Hapana, pamoja na heshima zote anazostahili. Kusukuma tumbo kwa nguvu kunaweza kufanya kondo la nyuma liachie kabla ya wakati, au kupasua mfuko wa uzazi, hasa kwa mama mwenye kovu la upasuaji. Daktari naye humgeuza mtoto kwa mikono, kuanzia wiki ya 36 au 37, na takriban nusu ya majaribio hufanikiwa. Lakini kwanza huhakikisha kwa ultrasaundi mahali lilipo kondo, hufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto, na hufanya hivyo mahali ambapo upasuaji wa dharura unawezekana.

Swali: Na kama kichwa kiko chini, lakini mgongo unaniuma kupita kiasi wakati wa uchungu?

Jibu: Huenda kisogo cha mtoto kimeelekea mgongoni mwako. Uchungu wa namna hiyo huwa mrefu na huchosha, ila watoto wengi hujizungusha wenyewe kabla ya kuzaliwa. Kutembea, kupiga magoti huku umeinamia mbele na kukandwa kiuno hupunguza maumivu kwa baadhi ya akina mama.

Swali: Je, mtoto aliyelala kingamo?

Jibu: Akibaki hivyo uchungu ukianza, hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida, upasuaji ni wa lazima. Kwake, na kwa aliyetanguliza mguu, chupa ikipasuka kitovu kinaweza kuteremka mbele yake. Ukikiona au kukihisi ukeni, usikirudishe ndani: piga magoti, weka kifua chini na makalio juu, na upelekwe hospitali mara moja.