Kupiga picha usiku Mji wa Kale: usiogope chenga

Jua likishazama Mombasa halikungoji. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ile buluu inayokaa nyuma ya kuta za Fort Jesus hupita kwa dakika 20 hivi, kisha giza. Hapo ndipo napenda kuanza kazi, na hapo ndipo wanafunzi wangu huniuliza mbona picha zao zimevurugika.

Nitatumia mfano wa muuza kahawa. Ameketi barazani, dele liko juu ya makaa, na taa ni balbu moja juu ya mlango. Miaka ya mwanzo nilimpiga kwa lenzi iliyokuja na kamera, 18-55, ambayo ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka). ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, niliiacha 400, kwa kuwa niliambiwa ukiizidisha picha huingia chenga, vile vidoadoa vinavyoichafua. Kamera ikanipa robo sekunde ya kupokea mwanga. Mkono wake ukatoka kama moshi, uso hauna macho.

Siku hizi nafunga lenzi ya 50mm f/1.8, lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi, na ningeomba kila anayeanza ainunue kabla ya kufikiria kubadilisha kamera. Nikifungua tundu hadi f/2 napata mwanga mara 8 ya ule wa f/5.6. Nikipandisha ISO kutoka 400 hadi 3200, mara 8 nyingine. Zizidishe: 64. Robo sekunde sasa imekuwa takriban 1/250, na kahawa inayomiminwa inaonekana uzi wake.

Chenga zipo, sikatai. Lakini chenga hupunguzwa kwenye kompyuta, na ukichapisha picha ya ukubwa wa kawaida huzioni kabisa. Picha iliyotikisika haina dawa. Tena kuna kosa linalozidi hilo: kupiga kwa ISO ndogo, picha itoke giza, halafu kuiangaza baadaye. Chenga zitatoka vilevile, mara nyingi mbaya zaidi, zimejaa kwenye vivuli. Mpe uso mwanga wa kutosha papo hapo.

Kwa f/2 sehemu iliyo kali ni nyembamba sana, kwa hiyo lenga jicho. Tumia nukta ya katikati ya fokasi. Katika DSLR nyingi (kamera zenye kioo cha ndani) ndiyo inayoona vizuri gizani. Balbu ikiingia ndani ya fremu, kamera hudhani kuna mwanga tele na kuutia uso weusi, basi pima mwanga usoni peke yake. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, maana umanjano wa balbu ni rahisi kuurekebisha humo. Flashi ya kamera iache imefungwa: inafuta vivuli vyote vya baraza, na kumpiga mzee wa watu mwanga wa ghafla machoni ni kukosa adabu. Muombe ruhusa kwanza, ukae, unywe kahawa.

Stendi ya miguu mitatu ni ya kuta na minara: ISO 100, f/8, sekunde kadhaa, umezima kitulizi cha lenzi (kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono) na kuweka taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kioo cha ndani nacho hutikisa kinapopanda, kwa hiyo kama kamera yako inaweza kukipandisha mapema, fanya hivyo. Kwa jahazi lililotia nanga Bandari ya Kale stendi haikufai kitu. Maji yanalichezesha hata usiku wa shwari, na unarudi kwenye ISO kubwa.

La mwisho ni la pwani hasa. Ukitoka chumba chenye eyakondishena, joto na unyevu wa nje hufunika lenzi ukungu mara moja. Usifute, ukungu utarudi tena. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa ipate joto taratibu. Mimi naitoa chumbani mapema, kabla ya adhana ya magharibi.