Manamba wa mkonge: kuhama kwa watu na uchumi wa Tanga

Nimetafiti ajira na uhamaji hapa Tanga kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: maendeleo yakifika vijijini, watu wataacha kuhama? Kabla ya kujibu huwa nawarudisha watu Muheza, kwenye mkonge.

Mkonge wenyewe uliletwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Ardhi ilipatikana, reli ikaanza kujengwa kutoka bandarini, kilichopungua ni mikono. Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao. Wakate majani ya miiba ya mwenzao kwa nini? Basi serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikatoza kodi ya nyumba. Asiyekuwa na zao la kuuza akauza nguvu zake.

Tazama walikotoka: Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi (leo Rwanda na Burundi), Msumbiji. Kilimanjaro na Bukoba hawakutoka wengi, kwa sababu kahawa ndiyo iliyowalipia kodi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyosafirisha watu kutoka mikoa ya mbali. Kila mtu alipewa namba, na huko ndiko lilikotoka neno manamba. Malipo yalikwenda kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikuhesabiwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ujira ulipangwa kana kwamba kila manamba ni kapera. Mke aliyebaki Kasulu, mkoani Kigoma, ndiye aliyelima, akalea watoto, akamuuguza mume aliporudi amechoka. Kwa hiyo gharama ya faida ya Tanga ilibebwa na Kigoma, mkoa uliopoteza vijana wake msimu wa kulima. Nashindwa kuuita mpango huo maendeleo, ingawa takwimu za bandari zilipanda kila mwaka wa bei nzuri.

Baada ya uhuru kima cha chini cha mshahara kilipandishwa. Waajiri wakaona afadhali wafanyakazi wachache wanaokaa na familia zao kuliko wengi wa kuja na kuondoka, na safari za manamba zikafa bila mpaka wowote kufungwa. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji uliozidi tani 200,000 mwaka 1964 ukaporomoka. Waliosalia kambini hawakuwa na kazi wala shamba. Nilipokuwa mwanafunzi nilimuuliza mzee mmoja wa Kiha, karibu na Ngomeni, kwa nini hakurudi kwao. Akanijibu, "Nirudi na nini, mwanangu?"

Linganisha na Chogo, wilayani Handeni. Huko wanaishi Wazigua ambao wazee wao walichukuliwa hadi Somalia katika karne ya 19, nao wakarudi miaka ya 1990 wakikimbia vita. Walipewa ardhi, na baadaye wengi wakapata uraia. Mwenye shamba na karatasi hupanda hata mti wa kuzaa baada ya miaka mitano.

Sasa jibu la swali. Maendeleo yanapoanza, mara nyingi uhamaji huongezeka. Kijana aliyesoma ana nauli, ana simu, ana ndugu aliyetangulia mjini. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limefungua njia zaidi, japo kila nchi bado ina vibali vyake.

Mkonge sasa unapandwa upya, na mazungumzo ya kutafuta wakataji yamerudi. Nikialikwa kwenye vikao hivyo nauliza mambo matatu kabla ya bei ya tani: mkataji atakuja na mkewe? Atapata kiwanja cha kujenga na kulima? Akikatwa mkono na korona, mashine ya kusindika mkonge, nani atamtunza, shamba au mama yake aliyeko Kasulu?