Maana ya injini inayopozwa kwa hewa

Injini inayopozwa kwa hewa ni injini ambayo joto la silinda na hedi zake (vifuniko vya silinda) huchukuliwa moja kwa moja na hewa inayopita katikati ya mapezi, yaani yale mabapa membamba ya chuma yaliyozizunguka silinda, pasipo maji kuwa katikati. Maana hiyo ni fupi na haina utata. Utata huanza pale watu wa Tabora wanapoifupisha zaidi na kuita Volkswagen Beetle ya zamani "injini ya upepo", kisha wakaitengeneza kwa kufuata jina hilo: bati linaloizunguka injini linafunguliwa, kifuniko cha injini kilicho nyuma kinawekewa kijiti kisijifunge, na mwenye gari anaambiwa kwamba gari lisilo na rejeta haliwezi kuchemsha.

Ninaelewa kosa hili limetoka wapi. Injini ya kwanza ya aina hii ambayo vijana wengi wa Kanyenye na Ng'ambo hapa mjini wameishika kwa mikono yao ni ya pikipiki. Injini ya bodaboda imekaa wazi mbele ya miguu ya dereva, mapezi yake yanaonekana, na ni kweli kabisa kwamba inategemea upepo wa mwendo. Ukiiacha ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, inapata moto kupita kiasi. Fundi aliyejifunzia hapo akikutana na Beetle anaona mapezi yaleyale na kuamini kwamba kazi ni ileile. Asichokizingatia ni kwamba injini ya Beetle iko nyuma ya gari, chini ya kifuniko, mahali ambapo upepo wa mwendo hauifikii moja kwa moja. Kama ingekuwa inasubiri upepo huo, isingevuka hata foleni ya kituo cha mafuta.

Mfano ulio karibu zaidi na Beetle ni jenereta dogo la petroli, lile linalowekwa nyuma ya turubai kwenye sherehe. Nalo hupozwa kwa hewa, na hukesha likinguruma bila kusogea hata hatua moja, na asubuhi bado ni zima. Sababu ni kwamba kwenye gurudumu lake zito kuna mapanga ya feni, na juu yake kuna kifuniko kinachoielekeza hewa kwenye mapezi. Hewa hiyo haiji kwa bahati wala kwa mwendo. Inasukumwa, na inaonyeshwa njia ya kupita. Tofauti kati ya hewa iliyopo na hewa inayosukumwa katika njia maalumu ndiyo dhana nzima, na ndiyo sehemu inayodondoka kila mara maana hii inapoelezwa gereji.

Kwenye Beetle njia yenyewe ni hii. Hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, hujaa kwenye chumba cha injini, hunyonywa na feni iliyofungwa kwenye mhimili uleule wa dinamo, kisha husukumwa ndani ya jumba la bati lililoizunguka feni hiyo, na kutoka hapo hugawanywa kulia na kushoto ili ishuke juu ya silinda mbili za kila upande. Injini ya sentimita za ujazo 1584 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, feni husukuma zaidi ya lita 500 za hewa kila sekunde. Hewa hiyo ikishapita kwenye mapezi hutokea chini ya gari ikiwa ya moto, huko huko ilipo eksozi, na haitakiwi kurudi juu tena. Kwa hiyo injini imezungushiwa mabati pande zote, na pembeni mwa mabati kuna mpira unaoziba nafasi iliyobaki kati yake na bodi. Mabati na mpira huo ni mpaka: juu yake kuna hewa ya kuingia, chini yake kuna hewa iliyokwisha kufanya kazi.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu mpaka huo ndio kitu cha kwanza kutupwa injini inaposhushwa. Fundi anasema bati "linabana joto". Anaondoa bati la nyuma ya puli, yaani gurudumu dogo linalozungusha mkanda wa feni, anaacha mpira uliokauka na kukatika bila kuweka mwingine, na injini inaonekana nyepesi na rahisi kufikiwa kwa spana. Kuanzia siku hiyo feni inanyonya hewa iliyokwisha pashwa moto na eksozi na kuirudisha kwenye silinda, kisha inainyonya tena, na dereva anashangaa kwa nini gari linapoteza nguvu baada ya nusu saa ilhali asubuhi lilikuwa zuri. Kuweka kijiti kwenye kifuniko cha nyuma hakutibu jambo hili. Mpira ukiwa haupo, kifuniko kiwe wazi au kifungwe, moto wa chini una njia ya kupanda.

Kuna vibati viwili vidogo ambavyo ningependa kila mwenye Beetle avijue kwa sura. Hukaa chini ya silinda, kimoja kila upande, kwenye nafasi iliyopo kati ya silinda na silinda, na vimekunjwa kufuata mviringo wake. Ni vyepesi, havina boliti kubwa, na injini inawaka vizuri kabisa bila hivyo, kwa hiyo baada ya kubadilisha ringi na pistoni mara nyingi hubaki kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kazi yake ni hii: hewa ikishuka kutoka kwenye feni hutafuta njia nyepesi, na njia nyepesi ni kuchomoka moja kwa moja katikati ya silinda mbili bila kugusa upande wa chini. Vibati hivyo huilazimisha ijipinde na kukumbatia silinda mpaka chini. Vikikosekana, silinda inakuwa na upande uliopoa na upande wenye moto, na chuma kinachotanuka upande mmoja kuliko mwingine hakibaki duara.

Kuhusu kuongeza nguvu nitasema kwa kifupi. Mtu anayepanua silinda za injini hiyo ya 1584, ambayo huitwa 1600, na kufunga kabureta mbili anaongeza joto, na joto hilo litaondolewa na feni ileile. Akinunua na puli ndogo ya chini kwa sababu ameambiwa inaipunguzia injini mzigo, ajue kwamba puli hiyo inapunguza mzunguko wa feni pia. Nguvu kidogo anayoipata imechukuliwa kutoka kwenye upozaji. Wapo pia wanaong'oa feni ya asili na kufunga ya umeme iliyotoka kwenye rejeta ya gari dogo. Feni ya rejeta imeundwa kupitisha hewa kwenye uwazi mpana usio na upinzani mkubwa. Kuisukuma ndani ya mapezi yaliyobanana ni kazi nyingine. Nyongeza yenye faida ni kipoza oili cha ziada pamoja na filta ya oili, kwani injini ya asili ina wavu tu wa kuchuja, inabeba oili lita 2.5 pekee, na oili hiyo ndiyo inayotoa joto sehemu ambazo hewa haifiki.

Narudi kwenye dai kwamba gari hili halichemshi. Ni kweli kwamba hakuna maji ya kuchemka, na ndiyo sababu hatari yake ni kubwa zaidi: hakuna mvuke utakaofuka, na Beetle ya kawaida haina mshale wa joto kwenye dashibodi. Inazidiwa na moto kimyakimya. Dalili ni injini kunoki, yaani kugonga kwa ndani, ukikanyaga mafuta, taa ya oili kupepesa injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma taratibu gari likiwa limesimama, kwa sababu oili imekuwa nyepesi, na tapeti (kifaa kinachosukuma valvu) iliyokuwa ikigonga kidogo kunyamaza ghafla. Fundi wengi hufurahia ukimya huo. Uwazi wa tapeti kwenye injini hizi, ikiwa baridi kabisa, ni milimita 0.15 kwa zile za karibuni, na valvu ya kutolea moshi inayorefuka kwa joto hula uwazi huo mpaka inashindwa kukaa vizuri kwenye kiti chake, ikaanza kuungua.

Valvu inayoharibika mara nyingi ni ya silinda namba 3, ile ya mbele upande wa kushoto. Sababu iko kwenye njia ya hewa: kwenye injini za zamani kipoza oili kilisimama ndani ya jumba la feni, juu ya silinda hiyo, kikiizuia hewa na kuipasha moto kabla haijafika. Watengenezaji walilijua tatizo hilo, na kwa muda waliifanya cheche ya namba 3 ichelewe kidogo kuliko za wenzake, kisha kwenye magari ya mwaka 1971 wakakihamishia kipoza oili kwenye kijumba chake cha pembeni, chenye njia yake ya hewa. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha joto na aanzie upande huo. Aondoe jumba la feni achungulie mapezi. Hapa kwetu atakuta vumbi lililogandamana na oili, majani ya miembe, viota vya panya, na mara nyingine udongo wa nyigu umeziba kabisa sehemu ya kupitishia hewa. Baada ya hapo ndipo apime uwazi wa pointi zinazokata umeme wa cheche, milimita 0.4, aweke taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, na aangalie kama kabureta haivuti hewa ya wizi, maana taimingi iliyotangulia mno na mchanganyiko wenye petroli kidogo huzalisha joto ambalo hata feni nzima haiwezi kulimaliza.

Mji wetu una mambo mawili ya kuongezea. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, inabeba joto pungufu kidogo. La pili ni mchanga wa barabara za vijijini. Kwa kuwa feni inazunguka kwa mkanda unaotoka kwenye injini, kasi yake hufuata mizunguko ya injini na haifuati mwendo wa magurudumu. Dereva anayevuta mchangani kwa gia ya tatu huku injini ikilalamika ameiongezea kazi na kuipunguzia hewa kwa pamoja, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Ashuke gia ya pili aiache izunguke. Kelele itaongezeka, lakini na hewa itaongezeka.

Kuna wanaosema pia kwamba Ferdinand Porsche, aliyeibuni Beetle, alichagua hewa kwa sababu gari lilikusudiwa nchi za joto. Ni kinyume chake. Katika Ujerumani ya miaka ya 1930 watu wengi wa kawaida hawakuwa na banda la gari, na maji yaliyolala nje usiku wa baridi yaliganda na kupasua injini. Hewa haigandi. Aidha, tukitaka kuwa wakali, hata Corolla hupozwa kwa hewa mwishoni, kwa kuwa maji hubeba joto kutoka kwenye injini na kulikabidhi kwa hewa kwenye rejeta. Beetle imemwondoa mbebaji wa katikati tu. Rejeta yake ni feni, mabati, mpira na mapezi vikifanya kazi pamoja, na kuondoa kimoja ni sawa na kutoboa rejeta ya Corolla.

Simlaumu anayesema "injini ya upepo" kwa mazoea. Kupozwa kwa hewa ni maneno mengi mtu akiwa chini ya gari. Ningemwomba tu aseme "injini ya feni", ambalo ni fupi vilevile na halidanganyi. Mwenye gari akilizoea jina hilo, taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani kuelekea Nzega hataamua kuendelea kuendesha mpaka mjini akidhani ni betri. Atakumbuka kwamba dinamo na feni ziko kwenye mhimili mmoja, atazima injini pale pale pembeni ya barabara, na atafungua nyuma kutazama kama mkanda umekatika.