Je, wajua kwa nini mpakani huulizwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, hata kama huna homa?

Ukitoka Nairobi kwa basi kwenda Arusha, pale Namanga kuna maofisa wa afya wanaotaka kuona kijitabu chako cha njano. Ofisa hakushiki paji la uso. Anafungua ukurasa wa chanjo, anasoma tarehe, na kama ulichanjwa juzijuzi anahesabu siku kwa ncha ya kalamu. Zikiwa chini ya 10, kazi unayo.

Abiria mwenye afya yake hukasirika: "Mbona siumwi?" Nami namwelewa, lakini hiyo hasa ndiyo sababu ya kumuuliza.

Kirusi cha homa ya manjano kikishaingia mwilini hukaa kimya siku 3 hadi 6. Mtu anaweza kuumwa na mbu Luanda, Angola, Jumatatu, akapanda ndege Jumanne, akala chakula cha usiku nyumbani kwake Nairobi akiwa na nguvu zote, homa ikamshika Ijumaa. Kipimajoto cha uwanja wa ndege kingeona nini? Safari imekuwa fupi kuliko muda wa ugonjwa kujificha.

Zamani haikuwa hivyo. Homa hii asili yake ni Afrika, na ilivushwa Atlantiki na meli za watumwa. Mwaka 1647 ililipuka Barbados. Safari ilichukua wiki nyingi, kiasi kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshakufa au ameshapona kabla nchi kavu haijaonekana. Ila mbu walitaga kwenye mapipa ya maji ya kunywa humohumo melini, wakaendelea kukitoa kirusi kwa huyu na kukitia kwa yule mpaka bandarini. Meli ilibidi ibebe watu na mbu pia. Ndege inabeba mtu tu, kwa sababu mbu wa kumpokea wapo tayari huko anakoshukia: mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye matairi na vyungu vya maua. Ni yuleyule anayetuletea dengi, ambayo wazee waliiita kidingapopo. Dar es Salaam na Mombasa zinamjua vizuri.

Mwaka 2016 tuliona hatari hiyo kwa macho. Mlipuko ulianza Luanda Desemba 2015, katika nchi iliyojaa wafanyakazi wa kigeni. Wasafiri 11 waliondoka Angola wakaugulia China, 2 wakaugulia Kenya, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Kinshasa. Habari ya China ndiyo iliyowakosesha wataalamu usingizi. Asia ina mbu huyo, ina mamia ya mamilioni ya watu wasiochanjwa, na homa ya manjano haijawahi kuweka makazi huko. Mara hiyo homa haikuenea huko. Kinshasa, kwa upande wake, chanjo ziliadimika duniani mpaka Agosti mwaka huo watu zaidi ya milioni 7 wakachomwa sehemu moja ya tano tu ya dozi ya kawaida. Chanjo hii hutengenezwa kwenye mayai ya kuku na haiharakishwi. Huwezi kuiagiza leo ikafika kesho.

Ndiyo maana ofisa wa Namanga hamwachii Mkenya apite hivihivi. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa hii, na Isiolo ilipata mlipuko mwaka 2022. Zile siku 10 ndizo mwili unazohitaji kujijengea kinga baada ya sindano. Ukichanjwa asubuhi ya safari, umechanjwa, lakini bado hujakingwa.

Na kama kijitabu chako kimeandikwa kwamba muda wake ulikwisha 2019, usikitupe. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua chanjo hiyo kwa maisha yote, hata kwenye kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10.