Abigail Adams hakuomba kura jamani, someni barua yenyewe

Kila ikikaribia Machi 8 naanza kutumiwa ile picha. Mama mwenye kofia nyeupe ya kitambaa, chini yake "Wakumbukeni wanawake", halafu maelezo kwamba mwaka 1776 Abigail Adams alimwandikia mumewe John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, kudai wanawake wa Marekani wapige kura. Wanafunzi wangu wanaiweka status, watu wazima wanaishea kwenye magrupu, na juzi nimeikuta tena kwenye insha, mtu kaandika kwa kujiamini kabisa "mama wa haki ya kupiga kura". Mimi nafundisha historia ya Marekani ya miaka hiyo na hizi barua ndo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo naandika hapa kwa urefu ili atakayeniuliza tena nimwelekeze huku.

Hakuomba kura. Hakuna sentensi hata moja kwenye ile barua inayosema wanawake wapige kura.

Barua aliandikia Braintree, Massachusetts, tarehe 31 Machi 1776. Mumewe John yupo Philadelphia kwenye Kongresi ya makoloni, na wiki mbili tu nyuma, tarehe 17, jeshi la Waingereza limeondoka Boston. Abigail ana miaka 31, watoto wanne, shamba lote liko juu yake. Anaanza kwa kumlalamikia mume, natamani siku moja uniandikie barua hata nusu ya urefu wa hizi ninazokuandikia mimi. Anauliza meli za vita zimeelekea wapi, anauliza Virginia wataweza kujilinda au la, kisha anatoa neno zito kweli: wakati mwingine anafikiria kwamba hamu ya uhuru haiwezi kuwa kali sawasawa kwenye vifua vya watu waliozoea kuwanyima binadamu wenzao uhuru wao. Anawasema mabwana wa watumwa, na anamwambia mtu anayekaa nao meza moja. Halafu anahamia kwenye nyumba yao ya Boston, anaogopa kwenda mwenyewe kwa sababu mjini kuna ndui, kamtuma mtu akaangalie, majibu ni kwamba alikuwa anakaa humo daktari wa kikosi cha Waingereza, pachafu sana ila nyumba haijabomolewa, na vile vitu vichache walivyoacha vimebebwa vyote. Mahali pengine kwenye barua hiyohiyo anasema akimaliza kupika sabuni atajaribu kutengeneza shura ya baruti, na kwamba kazi ya kushona nguo za familia tu inammaliza, bila hivyo watoto watakaa uchi.

Katikati ya hayo ndo kinakuja kile kipande. Anasema anatamani kusikia mmetangaza uhuru, na kwa kuwa mtalazimika kutunga sheria mpya, wakumbukeni wanawake, muwe wakarimu kwao kuliko walivyokuwa mababu zenu. Sasa picha nyingi zinakata hapo. Sentensi inayofuata inasema hivi: msiweke mamlaka yasiyo na mipaka mikononi mwa waume, kumbukeni wanaume wote wangekuwa madikteta kama wangeweza. Na mbele kidogo anauliza kwa nini msiwaondolee waovu na wasiofuata sheria uwezo wa kututendea ukatili na kutudhalilisha bila kuadhibiwa?

Waume, ukatili, kudhalilishwa bila adhabu. Ni mambo ya ndani ya nyumba, na ukiijua sheria ya wakati ule huwezi kuyasoma vingine. Makoloni yalirithi sheria ya Kiingereza ambayo mwanamke akishaolewa, kisheria anamezwa na mumewe. Vitu vyake na fedha zake vinakuwa vya mume, ardhi aliyokuja nayo mume ndo anaisimamia, hawezi kufunga mkataba wala kufungua kesi kwa jina lake peke yake, na wosia hawezi kuandika bila ridhaa ya mume. Mume akiwa mtu mwema unaishi. Akiwa mlevi au mpigaji, huna pa kukimbilia. Hilo ndo Abigail alitaka liguswe kwenye sheria mpya.

Hapa huwa naulizwa, sasa mwalimu, mbona kwenye barua hiyohiyo kasema wanawake wataanzisha uasi na hawatajiona wamefungwa na sheria ambazo hawana sauti wala uwakilishi? Kweli kasema. Hayo ni maneno ambayo wanaume wa makoloni walikuwa wanayapigia kelele Bunge la London kila siku, na yeye kayachukua kayageuzia kwa mumewe, anatania na anachoma kwa pamoja. Ila angalia anachoomba kifanyike. Ombi ni moja, kupunguzwa mamlaka ya mume.

Kama huniamini mimi, muamini yeye mwenyewe. John alijibu tarehe 14 Aprili kwamba hizo sheria zako za ajabu zimenichekesha, tumesikia watoto na wanafunzi wa kazi wameanza utovu wa nidhamu, Wahindi Wekundu na Weusi wamekuwa wakaidi, kumbe na kabila jingine kubwa kuliko yote, yaani wanawake, nalo limenuna. Abigail alikasirika, tarehe 27 akamwandikia rafiki yake Mercy Otis Warren akamweleza alichokuwa anataka: nilithubutu kusema neno kwa ajili ya jinsia yetu, ambayo inabanwa na sheria za Uingereza zinazompa mume mamlaka yasiyo na mipaka ya kumtesa mkewe. Kaeleza mwenyewe, kwa kalamu yake, ndani ya mwezi mmoja! Sijui tunahitaji ushahidi gani zaidi. Tarehe 7 Mei akamrudia John: mnatangaza amani kwa watu, mnakomboa mataifa yote, lakini mnang'ang'ania mamlaka kamili juu ya wake zenu.

Na kura? Kura kaileta John, tena siyo kwa mkewe. Tarehe 26 Mei anamwandikia James Sullivan, mwanasiasa wa Massachusetts, akionya wasije wakachezea masharti ya nani apige kura, maana wakianza tu wanawake watadai, na vijana wa miaka 12 hadi 21 watasema haki zao hazijaangaliwa. Watu wanachanganya barua ya mume na ya mke, wanapata hadithi moja ambayo haikuwepo.

Ili nisimpunje, ipo siku aligusia kura. Katiba ya New Jersey ya 1776 iliruhusu wanawake wenye mali kupiga kura, na waliendelea mpaka walipofungiwa mwaka 1807. Mwaka 1797 Abigail anamwandikia dada yake Mary Cranch kwamba katiba ya Massachusetts ingekuwa na ukarimu kama wa New Jersey, yeye angeenda kumpigia kura mtu fulani anayemtaja. Ni sentensi ya kupita, miaka 21 baadaye. Ukitaka kuandika kuhusu Abigail na kura, tumia hiyo.

Kinachoniudhi siyo tarehe. Ukimgeuza kuwa mdai kura, unafuta kitu alichokisema ambacho wengi waliogopa kukisema, kwamba nyumbani mwanamke anaweza kuteswa na sheria ikamlinda anayemtesa. Kilio hicho kilichukua muda wake. Majimbo yalianza kuwaruhusu wanawake walioolewa kumiliki mali moja moja tu, Mississippi 1839, New York 1848, na kura ya nchi nzima ikaja 1920. Na yeye hakusubiri. Januari 1816 alikaa akaandika wosia, mwanamke aliyeolewa, mumewe yuko hai, kwa sheria ile karatasi haikuwa na nguvu yoyote. Akagawa pesa, nguo na vitu vyake, karibu vyote kwa wanawake, wajukuu wa kike, mabinti wa ndugu zake, wakwe, hadi wafanyakazi wa nyumbani. Alipofariki Oktoba 1818 John aliheshimu kila alichoandika.

Hayo mengine yanayosemwa kumhusu nitakwenda haraka.

Eti ni barua za mapenzi. Mapenzi yapo, anamwita mumewe rafiki yangu mpenzi na tangu 1775 anasaini kwa jina la utani "Portia", lakini ukizisoma kwa kutafuta mahaba tu utaruka nusu ya vita. Juni 1775 anamwagiza John pini za kushonea, anakwambia kifurushi kilichokuwa shilingi 7 na nusu sasa ni 20 na hata kwa bei hiyo hazipatikani. Barua ninayoipenda kuliko zote ni ya tarehe 31 Julai 1777. Boston kahawa na sukari ni adimu sana, na kuna mfanyabiashara tajiri, bahili, asiye na mke, kafungia pipa la kahawa stoo, hauzi chini ya shilingi 6 kwa ratili. Wanawake wakakusanyika, wengine wanasema 100 wengine zaidi, na mkokoteni wao, wakaenda mpaka ghalani wakadai funguo. Kakataa. Mmoja akamkamata shingo akamtupia kwenye mkokoteni. Alipoona hakuna huruma akatoa funguo, wakauinua mkokoteni wakammwaga chini, wakafungua ghala, wakatoa kahawa wenyewe, wakapakia, wakaondoka. Na wanaume, anasema Abigail, kundi kubwa walisimama kimya wakishangaa. Huyo ndo mwandishi unayemkosa ukitafuta mahaba peke yake.

Eti alikuwa anasubiri mume atume pesa. Ni kinyume chake. John alipokuwa Ulaya kwa miaka alimtumia bidhaa, vitambaa, leso, riboni, chai, vyombo vya kaure, na mama akaviuza kwa faida. Mume alipenda kununua mashamba, mke alipendelea hati za madeni ya serikali na akaziwekea pesa, ila mwaka 1782 alinunua pia ardhi Vermont mpaka John akamwandikia usijihusishe tena na Vermont. Kumbuka kisheria pesa ile ilikuwa ya mume. Yeye aliita yake na akaitumia kama yake.

Eti kasoma shule nzuri. Hakwenda shule hata siku moja, alifundishwa nyumbani Weymouth kwa vitabu vya baba yake mchungaji na vya babu, na aliona uchungu wa hilo maisha yake yote. Agosti 1776 anamwambia John kwamba kama tunataka mashujaa, viongozi na wanafalsafa, lazima tuwe na wanawake waliosoma.

Kuhusu utumwa watu wana makosa ya pande mbili, wengine wanamfanya malaika na wengine wanasema wote walikuwa walewale. Baba yake alikuwa na watumwa, mmoja wao Phoebe alipata uhuru kwa wosia wa mzee huyo 1783, kwa hiyo Abigail amelelewa na mikono hiyo. Lakini Septemba 1774 aliandika kwamba anatamani pasiwepo mtumwa hata mmoja Massachusetts, kwamba ni uovu kupigania kitu ambacho sisi wenyewe tunawapora kila siku watu wenye haki nacho sawa na sisi. Na Februari 1797, wakati mumewe anakaribia kuapishwa urais, kijana wake wa kazi James, Mweusi, aliomba kwenda shule ya jioni, akamwandikisha. Jirani akaja kusema shule itavunjika, wavulana wengine hawamtaki. Mama akamuuliza kama ni kwa sababu ya tabia, au kwa sababu uso wake ni mweusi tu anyimwe elimu, atajipatiaje riziki? James akaendelea na shule.

Ila usije ukadhani alikuwa mtetezi wa uhuru wa kila mtu. Mwaka 1798 magazeti yalipomsakama mumewe, Abigail alitaka sheria ya kuyabana na akaunga mkono ile ya uchochezi iliyopeleka wahariri jela. Ni barua zake mwenyewe, ziko pale.

Eti ameishi Ikulu miaka minne. Aliingia Novemba 1800, na hata hapo jengo lenyewe lilikuwa halijaisha, na Februari 1801 alishaondoka. Barua ya tarehe 21 Novemba kwa binti yake inasema hakuna uzio, hakuna kengele za kuita wafanyakazi, nguo wanaanika kwenye ukumbi mkubwa wa wageni ambao haujamalizika, na ukiulizwa mama anapaonaje, wewe sema mama kaandika kwamba mandhari ni mazuri, manake hilo ni kweli.

La mwisho, watu wanadhani barua hizi zilitunzwa kwa sababu ni za wakubwa. Martha Washington alichoma karibu zote alizoandikiana na mumewe. Abigail naye alimwomba John azichome zake. John alikataa, Juni 1776 akanunua daftari la kunakili barua na akamshauri mke naye afanye hivyo. Ndo maana leo tuna barua zaidi ya 1,100 kati ya hao wawili, ziko Massachusetts Historical Society, Boston, skani zipo wazi bure kwa mtu yeyote. Mjukuu wao Charles Francis Adams alichapisha baadhi ya barua za bibi yake 1840, akanyoosha tahajia yake na kukata vipande alivyoona havifai. Kwa hiyo ukitaka kunukuu, acha vitabu vya zamani na picha za status, fungua skani, na zile za 1776 zisome kwa mpangilio: 31 Machi, 14 Aprili, 27 Aprili, 7 Mei, halafu 26 Mei. Ni kazi ya jioni moja.